Hela na dola ni majirani

Noti ya Burundi kwa Kirundi imeandikwa amafranga. Lakini ukinunua fungu la ndagala (dagaa) Bujumbura, muuzaji atakudai amahera, na ukiongea naye Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi atasema hela. Faranga ya Burundi iko mikononi mwa watu tangu 1964, ilhali sarafu ya hela ilikwisha zamani. Jina la marehemu limemshinda aliye hai.

Hela ni heller ya Wajerumani, iliyopewa jina la mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, vilikofuliwa visarafu vya fedha tangu enzi za kati. Dola, neno kubwa la biashara ya Kiingereza, ilizaliwa vivyo hivyo. Kwenye miaka ya 1520, fedha ya machimbo ya Joachimsthal, Bohemia, ilifuliwa sarafu nene zilizoitwa taleri, kutokana na jina la mahali hapo. Waholanzi wakalitamka jina hilo kwa namna yao, Waingereza kwa yao. (Dola ya maana ya serikali ni neno jingine, la Kiarabu.) Huku kwetu heller ilikuja 1904: rupia iliyokuwa na pesa 64 ikawa na heller 100. Wabelgiji walipoiteka Burundi 1916, heller ilikuwa na miaka 12 tu.

Atakayesema kufanana kwa hela na heller ni sadfa asikilize matamshi: Kirundi hakitenganishi l na r, hivyo heller ikawa hera, ikavishwa ama-, Kiswahili kikabaki na l yake. Pingamizi zito ni la Rwanda. Ilitawaliwa na Wajerumani walewale, mbona pesa kule ni amafaranga? Kwa maoni yangu, tofauti ni Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa: kituo cha Wajerumani kando ya ziwa, chenye askari na wachuuzi wa Kiswahili waliofungamana na Ujiji. Neno lilishuka na mitumbwi, likakaa walipokaa wauzaji.

Wapo wanaoliona neno hela kuwa kovu la ukoloni, bora tuliache. Tutashika lipi? Pesa ilitoka India, fedha Uarabuni, faranga Ufaransa. Aliyelibakiza neno hakuwa gavana, alikuwa mama mwenye kapu la ndagala. Na huko Hall kwenyewe leo watu hulipa kwa yuro. Anayeuliza bei ya nyanya kwa heller yuko Bujumbura.