Kijana Anayefunzwa Kazi Naye ni Mfanyakazi: Haki za Mwanagenzi na Wajibu wa Mwajiri

Ukipita asubuhi kwenye gereji za Mtwapa, kwa maseremala wa Malindi au kwa mafundi wa kuchomelea vyuma kule Mariakani, utawakuta vijana wanaofika kabla ya mwenye karakana na kuondoka baada yake. Wanafagia, wanashika spana, wanabeba mbao, na kazi ikichangamka wanaachiwa gari la mteja wamalize wenyewe. Jioni hupewa hela ya chai, au nauli. Ukimuuliza fundi huyu ni nani, jibu huwa moja: "Huyu? Namfunza kazi tu."

Neno hilo "tu" halimsumbui mtu hadi siku kijana anapokatwa kidole na msumeno wa umeme. Hapo mzazi huuliza nani atalipa hospitali, fundi naye hujibu kwamba hakuwa amemwajiri. Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida, na mara nyingi pande zote mbili huwa hazijui kwamba sheria ilishajibu swali lao kitambo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inapoeleza mfanyakazi ni nani, inasema ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na papo hapo inaongeza kwamba mwanagenzi naye ni mfanyakazi. Sheria hiyo hiyo inasema mkataba wa kazi waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, wa kutamkwa wazi au wa kueleweka kutokana na jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja. Kwa hivyo fundi aliyekubaliana na mzazi kando ya barabara kwamba atamfunza mtoto wake kwa miaka miwili na kumpa kiasi fulani kila wiki, ameingia mkataba, hata kama hakuna kalamu iliyogusa karatasi.

Tatizo la makubaliano ya mdomo ni kuyathibitisha. Ndiyo maana mkataba wowote wa kazi wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa kuandikwa, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Utaje majina, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, muda, saa za kazi, na malipo. Ikiwa kijana au mzazi hajui kusoma, au hafahamu lugha iliyotumiwa, mwajiri anatakiwa kumweleza kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi au kidole gumba. Kukizuka kesi na mwajiri ashindwe kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana unamwangukia yeye mwajiri, si mfanyakazi. Mafundi wengi wanaokwepa karatasi wakidhani inawafunga hawajui kwamba kukosa karatasi ndiko kunakowaacha wazi.

Uanagenzi rasmi una sheria yake ya ziada, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo ilikuwepo tangu kabla ya Uhuru na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2011. Marekebisho hayo ndiyo yaliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo wazee wa jua kali wangali wanaiita DIT. Chini ya sheria hii, mwanagenzi ni mtu aliyefungwa na mkataba wa maandishi kumtumikia mwajiri kwa muda uliowekwa ili apate ujuzi wa kazi, kwa nadharia na kwa vitendo, na mwajiri naye amefungwa kumfundisha. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Mwajiri anayemweka kijana miaka miwili akimtuma maji na sigara, bila kumfundisha kazi, anavunja upande wake wa mkataba. Mkataba huo hupelekwa NITA ukasajiliwe, na kijana akiwa hajafika miaka 18, mzazi au mlezi huhusika katika kuutia sahihi.

Kuhusu umri, wazazi wawe waangalifu. Sheria ya Ajira hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yoyote, na wa kati ya miaka 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kumpeleka mtoto wa darasa la sita gereji wakati wa masomo "ili asizurure" si uanagenzi.

Mwanagenzi akishahesabiwa kuwa mfanyakazi, haki nyingine zinamfuata. Ana siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ana likizo ya angalau siku 21 za kazi kwa malipo kila amalizapo miezi 12. Akiugua baada ya kutumika miezi miwili mfululizo, ana siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo, mradi alete cheti cha daktari. Na anapoondoka, ikiwa alikaa wiki nne au zaidi, mwajiri lazima ampe cheti cha utumishi kinachoonyesha alianza lini, alimaliza lini na alifanya kazi gani. Wengi hawakiombi cheti hiki. Kiombeni, kwa sababu tutakirudia hapa chini.

Turudi kwa kidole kilichokatwa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi kwa maneno ya wazi. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi wake, na gharama ya matibabu ya jeraha la kazini ni yake. Ajali ikitokea, mjulishe mwajiri mara moja, hata kwa mdomo, ingawa ujumbe wa simu ni bora kwa kuwa unabaki. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai ya fidia nayo yapelekwe kwa Mkurugenzi huyo ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kuna wanaokimbilia mahakamani moja kwa moja. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba utaratibu wa kupitia kwa Mkurugenzi ni halali kikatiba, kwa hivyo huko ndiko pa kuanzia.

Hapa ndipo kiwango cha malipo kwenye mkataba kinapokuwa na uzito ambao watu hawautarajii. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa kuchukua mapato ya miezi 96, kisha kukata asilimia kulingana na kiungo kilichoumia. Kijana ambaye malipo yake yameandikwa ana tarakimu ya kuanzia hesabu. Yule wa "hela ya chai" ataanza kwa kubishana kama alikuwa akilipwa au la, na kama alikuwa mfanyakazi au mgeni wa karakana. Afadhali kiasi kidogo kilichoandikwa kuliko kikubwa cha kuahidiwa.

Sasa neno kwa waajiri, maana wengi huona uanagenzi kama hasara. Kila mwajiri anatakiwa kulipa ada ya mafunzo ya viwandani, Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hiyo ni Sh600 kwa mwaka kwa kichwa. Mwenye hoteli ya wafanyakazi 20 analipa Sh12,000. Ada hii ni ya mwajiri. Ukiona imekatwa kwenye mshahara wako, uliza.

Fedha hizo huingia katika hazina ya mafunzo inayosimamiwa na NITA, na mwajiri anayelipa ada anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama anapowapeleka wafanyakazi wake kwenye mafunzo, na vilevile anapowapokea wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo ya nyanjani. Lakini hazina hii ina masharti, na kwa maoni yetu masharti hayo ndiyo yanayowanyima waajiri wadogo faida yake. Maombi yapelekwe kabla ya mafunzo kuanza. Mkufunzi awe amesajiliwa na NITA. Ada iwe imelipwa bila malimbikizo, na risiti zihifadhiwe. Mwenye karakana ambaye hana karani hukumbuka haya mafunzo yakiwa yamekwisha, na hapo huwa amechelewa. Vyama vya jua kali vinaweza kuwasaidia wanachama wao kwa kuandaa maombi mapema, kazi ambayo mtu mmoja mwenye mazoea ya makaratasi anaweza kuwafanyia wengi.

Kuna kundi jingine ambalo sheria hizi hazikulifikia kwa wakati: fundi wa miaka 40 aliyejifunza kwa mjomba wake, anayejenga nyumba za ghorofa lakini hana hata cheti kimoja, na kila zabuni inapotangazwa anaachwa nje. Kwake milango ni miwili. Mmoja ni mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia Gredi ya Tatu kupanda hadi ya Kwanza, ambao hupima mikono zaidi kuliko vitabu. Wa pili ni utaratibu wa kutambua ujuzi alio nao mtu bila kujali aliupata wapi, ulio chini ya mfumo wa kitaifa wa vyeti uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014 na kusimamiwa na mamlaka ya KNQA. Katika utaratibu huu mtu huulizwa ushahidi wa kazi alizofanya: picha, barua za wateja, na kile cheti cha utumishi tulichotaja. Kwa wakaazi wa Pwani, kituo cha NITA kilicho karibu ni cha Mombasa.

Wengi hufika katika afisi za kaunti wakitaka tumshtaki mwajiri. Tunawaelewa, lakini Jedwali la Nne la Katiba liligawa kazi. Vyuo vya ufundi, vile vilivyoitwa politekniki za vijiji, viko chini ya kaunti, na huko tunaweza kukusajili na kukushauri. Viwango vya kazi na usimamizi wa sheria za leba ni vya serikali ya kitaifa, kupitia kwa maafisa wa leba. Afisa wa leba ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua rekodi za wafanyakazi, kuhoji watu, na kumfikisha mwajiri mahakamani. Maafisa si wengi na eneo ni kubwa, hivyo usitarajie awe mlangoni kesho yake. Mrahisishie kazi: andika tarehe, jina la biashara, ulilipwa nini na lini, na majina ya wenzako waliokuwepo. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri, usiufute.

Kulalamika, au hata kutangaza kwamba utalalamika, si sababu halali ya kufutwa kazi; sheria inasema hivyo waziwazi. Ukifutwa bila haki, una miezi mitatu ya kumfikia afisa wa leba. Madai mengine ya mkataba wa kazi yana miaka mitatu, kisha yanafungwa. Kesi ikilazimika kwenda mahakamani, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa Mombasa na Malindi, lakini mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi anaweza kusikizwa na hakimu aliyeidhinishwa katika mahakama ya kawaida, jambo linalopunguza nauli na muda.

Wazazi wanaopanga kuwapeleka vijana kwa fundi muhula huu wanaweza kupitia kwanza kwenye chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu, na rasimu ya makubaliano yao ikiwa tayari wanayo. Waje na kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha kijana, na ikiwezekana waje na fundi mwenyewe.