Kirtani: Yoga ya Sikio na Pumzi

Katika kirtani, kiongozi huimba mstari mmoja kisha hunyamaza, na waliokaa mbele yake huupokea na kuurudisha. Mstari huohuo huweza kuzunguka kwa nusu saa au zaidi. Huanza taratibu, ngoma ikakaza mwendo, sauti zikapanda, halafu yote yakashushwa tena. Maneno ni machache mno, mara nyingi ni majina ya Mungu tu: Krishna, Rama, Shiva, Durga. Mgeni anaweza kudhani hayo ni matumbuizo ya kusubiria yoga yenyewe. Sivyo, hiyo ndiyo yoga.

Mapokeo ya Kihindu yana njia kadhaa za yoga, na kunyoosha viungo ni sehemu ndogo tu ya mojawapo. Bhakti, ambayo kirtani ni sehemu yake, ni njia ya kumpenda Mungu na kujikabidhi kwake. Bhagavata Purana, mojawapo ya vitabu vyake vikuu, inataja ibada tisa za njia hii. Ya kwanza ni kusikiliza, ya pili kuimba, ya tatu kukumbuka. Mimi naupa uzito mkubwa mpangilio huo. Katika kirtani, nusu ya muda mdomo umefumbwa na sikio ndilo linalofanya kazi. Akili iliyozoea kurandaranda hupewa jukumu dogo la kuusubiri mstari, kuushika na kuurudisha, na kabla haijapata upenyo wa kutoroka, mstari umeshafika tena. Aliyewahi kukaa katika halaka ya dhikri, au kuitikia litania kanisani, ataitambua mara moja namna hii ya kupokezana, ijapokuwa imani ni tofauti.

Aliyeipa kirtani nguvu ya kutoka nje ya nyumba na mahekalu alikuwa Chaitanya, aliyezaliwa mwaka 1486 huko Navadvip, Bengal. Alikuwa msomi wa sarufi ya Kisanskriti, kijana wa mijadala mikali, hadi alipozama katika ibada ya Krishna akaanza kuimba barabarani pamoja na wafuasi wake, wakipiga matoazi na ngoma ya udongo iitwayo khol. Vitabu vya maisha yake vinasimulia kwamba kadhi wa mji alipiga marufuku uimbaji huo na ngoma moja ikavunjwa. Chaitanya aliongoza maandamano ya usiku, watu wakiwa na mienge, hadi nyumbani kwa kadhi. Wawili hao wakazungumza, na marufuku ikaondolewa. Kilichonigusa zaidi ni nani aliyekaribishwa kuimba. Haridasa, mmoja wa wandani wake wakubwa, kwa mapokeo alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Katika jamii iliyowapanga watu kwa tabaka la kuzaliwa, kuitikia jina la Mungu hakukuhitaji ukoo.

Mkondo huohuo wa Chaitanya ndio uliofika New York. Mwaka 1966, Bhaktivedanta Swami, mzee wa miaka 70 kutoka Kolkata, alikaa chini ya mti katika bustani ya Tompkins Square na kuwaimbisha vijana wa Kimarekani.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka 2001 watafiti nchini Italia walichapisha vipimo vya watu wazima 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na pia kukariri mantra ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda sambamba na mwendo huo. Mstari wa kuimba hurefusha kutoa pumzi, na zamu ya kiongozi humpa mwitikiaji nafasi ya kuvuta nyingine kwa utulivu. Lakini mshika bhakti haimbi ili atulize moyo. Anamwita ampendaye, na utulivu humjia njiani.

Siku hizi kirtani huimbwa pia jukwaani, kwa tiketi na vipaza sauti; albamu ya Mmarekani Krishna Das iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2013. Sioni ubaya wa jukwaa. Ninachokitazama ni iwapo ukumbi unaitikia, au umenyamaza kustaajabia sauti ya mtu mmoja. Anayetaka kuanza asihangaikie uzuri wa koo lake. Amsikilize kiongozi mpaka silabi ya mwisho, avute pumzi, kisha aitikie.