Fahamu: Vijidudu vinavyotoboa matangi ya mafuta

Dizeli yenyewe haili chuma. Balaa ni maji yanayotuama kwenye sakafu ya tangi, ambamo bakteria na kuvu hustawi.

Mabomba nayo yamo hatarini. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika 1968, hutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, kilomita 1,710. Zamani lilipitisha mafuta ghafi. Sasa hupitisha dizeli. Katika mitambo ya aina hii, bakteria wasiohitaji oksijeni hugeuza salfeti, iliyojaa kwenye maji ya bahari, kuwa gesi inayonuka kama yai viza. Kuvu nao hutoa asidi. Matokeo ni vishimo vidogo, vibaya kuliko kutu ya juujuu kwa sababu havionekani mapema.

Kinga ya kwanza ni nafuu, na ndiyo hupuuzwa: kutoa maji tangini mara kwa mara. Kisha dawa ya kuua vijidudu, rangi ya kinga, na kifaa cha kukwangua bomba kwa ndani. Bandarini, nguzo za chuma za gati hufungiwa vipande vya zinki, viliwe na kutu badala yazo.