Seva Isipowaka, Tusikimbilie Kuifuta



Siku hizi ofisi za vyama na sehemu nyingi za kazi haziandiki tena majina, michango na hesabu za mfuko wa maafa katika madaftari peke yake. Huziweka katika kompyuta ya kukodi iliyo mbali, ambayo mafundi huiita seva ya wingu. Siku isipowaka, mhasibu hawezi kumlipa mfiwa haki yake, na fundi wa zamu hutupiwa lawama zote. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza mambo yanayopasa kufanywa.

Kwanza tufahamu seva hii ni kitu gani. Si sanduku moja lenye swichi yake. Ni sehemu ya mtambo mkubwa uliogawanywa kwa programu ili wengi waukodi. Mara nyingi diski yenye maandishi yetu imetengwa na mashine inayoyaendesha. Kwa hiyo mashine inaweza kukataa kuwaka na daftari letu likawa salama. Anayekimbilia kufuta kila kitu na kujenga upya ndiye anayelipoteza. Lakini zipo pia diski za muda, ambazo yaliyomo hupotea seva ikizimwa. Daftari la chama lisiwekwe humo kamwe.

Utaratibu ni huu:

1. Tuhakikishe kwamba seva haijawaka kweli. Pengine imewaka lakini mlango wa mtandao umefungwa, au ankara haikulipwa na mwenye mtambo ameisimamisha.

2. Tusome konsoli, yaani maneno ambayo seva iliyaandika ilipokuwa ikijaribu kuwaka. Tutafute kosa la kwanza. Mengi yanayofuata ni matokeo yake tu.

3. Tuchukue nakala ya diski nzima kabla ya kugusa chochote.

4. Tuichomoe diski na kuiunganisha na seva nyingine iliyo nzima, iwe diski ya pili. Hapo tutaweza kuyafungua mafaili yake. Kwa seva za Linux, visa vitatu hutokea mara kwa mara. Huenda faili la /etc/fstab linataja diski ambayo haipo tena. Mstari huo urekebishwe, au kama diski hiyo si ya lazima uongezwe neno nofail. Huenda diski imejaa pomoni kumbukumbu za zamani. Au huenda kiini kipya cha mfumo hakikukamilika kuwekwa, na yafaa kurudia kile cha awali.

5. Diski irudishwe mahali pake, na seva iwashwe tena.

Njia hii si ya kubahatisha. Tarehe 19 Julai 1924 haikuwa na mashine hizi, lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 2024 dunia iliona. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Viwanja vya ndege, hospitali na mabenki yalikwama. Kwa seva za wingu, njia mojawapo iliyotumika ilikuwa hiyo hiyo: kuchomoa diski, kuiunganisha na mashine nzima, kufuta faili baya, na kuirudisha. Mashine nyingi zilirekebishwa moja moja kwa mikono ya wafanyakazi.

Ndugu zetu, hapa pana jambo la chama. Funguo za seva zisiwe mikononi mwa mtu mmoja. Wawepo wawili walau. Nakala ichukuliwe kila siku, na ijaribiwe kabla ya siku ya shida. Na fundi anayeitwa usiku alipwe saa zake za ziada, wala asihukumiwe kabla konsoli haijasomwa. Daftari la wanachama ni jasho la wanachama. Tulilinde.