Je, Upande wa Kwanza wa Santuri ni Bora Zaidi?

Wapo wasikilizaji wasemao kwamba upande wa kwanza wa santuri ndio bora. Kifizikia, pande zote mbili ni sawa. Tofauti imo ndani ya kila upande. Santuri ya muda mrefu, iliyotolewa Marekani mwaka 1948, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika. Penye nusukipenyo cha sentimita 14.6, mfuo hupita chini ya sindano kwa mwendo wa sentimita 51 kwa sekunde. Penye sentimita 6, ni 21 tu. Hapo mawimbi ya sauti hubanana, na sindano huyafuata kwa shida. Basi anayetaka kulinganisha kwa haki na alinganishe nyimbo za mwanzo wa pande zote mbili. Tofauti itakayobaki ni ya watunzi na wapangaji wa nyimbo, si ya santuri.