Gari Kuukuu la Dizeli Halifi, Huuawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku ambalo limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Si fundi wa magari, wala sikupata kusomea ufundi. Nilisomea ualimu. Lakini ninalo gari, na gari hilo limenifundisha somo ambalo chuoni sikulipata, nami nimelilipia ada kubwa.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1988 ambayo marehemu baba yangu aliniachia alipofariki mwaka 2017. Yeye alikuwa akibebea viazi mviringo. Injini yake ni ya dizeli, ile iitwayo 2L, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 2,446. Watu wa mjini wakiyaona magari ya namna hii huyaita mikweche. Sisi huku vijijini ndiyo yanayotubebea mbao, viazi, mbolea, wagonjwa na hata maiti zetu. Kwa hiyo suala la kuyatunza si jambo la mwenye gari peke yake. Ni jambo la kijiji kizima.

Usiku mmoja wa mwezi Machi mwaka 2019, saa sita, niligongewa mlango. Alikuwa jirani yangu. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alasiri, na muuguzi wa zahanati alikuwa ameagiza apelekwe hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. "Mwalimu, tusaidie," aliniambia. Nilichukua ufunguo na koti, tukaondoka.

Hospitali iko kilomita zipatazo 30, na mvua ilikuwa inanyesha. Tulipofika katikati ya mlima injini ilianza kukohoa, ikakosa nguvu, kisha ikazima. Ilikuwa yapata saa saba na nusu. Mimi nilijua jambo moja tu, yaani kupiga stata. Nilipiga stata mpaka betri ikalala. Nikafungua boneti, nikamulika kwa tochi, lakini sikujua hata ninatafuta nini.

Lori la mbao lilitukuta saa kumi na moja alfajiri. Mama alifikishwa hospitali na yu hai hadi leo. Mtoto hakuzaliwa hai. Daktari hakusema kwamba sababu ni kuchelewa, na jirani yangu hajanilaumu hata kwa neno moja. Lakini mimi najua kwamba tulikaa pale mlimani zaidi ya saa tatu.

Kulipokucha alikuja mzee mmoja wa kijijini kwetu, dereva mstaafu. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mara ya mwisho umemwaga maji kwenye chujio la dizeli lini?"

Nikamwuliza: "Maji gani, mzee?"

Hakunijibu. Aliomba bilauri, akalegeza kizibo kidogo kilicho chini ya chujio, akakinga. Nilipotazama niliona maji yamekaa chini na dizeli inaelea juu. "Gari lako si bovu," akasema, "limekunywa maji." Akayamwaga yote, akaendelea kusukuma pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka ikatoka dizeli tupu, akatoa upepo, tukaazima betri, na injini ikanguruma. Kazi yote haikuzidi nusu saa.

Ndugu wasomaji, nusu saa hiyo ndiyo inayonifanya niandike barua hii.

Dizeli ile niliinunua mimi mwenyewe kwenye madumu barabarani. Chujio lile lilikuwa halijaguswa tangu baba afariki. Kwa hiyo aliyeliua gari usiku ule si uzee wa gari, ni mimi niliyekabidhiwa. Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa mzee yule kila Jumamosi, na haya ndiyo machache niliyojifunza.

Kwanza, inafaa mtu aelewe injini yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilionekana katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini hii haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda, katika injini kama yangu yapata mara 22, mpaka inapata joto la kupita nyuzi 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo inawaka yenyewe. Kumbe mahitaji yake ni machache: hewa safi, dizeli safi, oili safi, na maji ya kupoza. Ikipata hivyo, injini huzeeka polepole sana. Ikinyimwa kimojawapo, hufa ingali na nguvu zake.

Tuanze na dizeli. Pampu ya dizeli katika magari haya hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Maji yakiingia huleta kutu, na mafuta ya taa yakichanganywa humo huondoa ule utelezi, vyuma vikasagana. Wengi tunakumbuka uchakachuaji ulivyotutesa hapo nyuma, hata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuwakatisha tamaa wachakachuaji. Lakini maji hayahitaji mchakachuaji. Yanaingia kwenye dumu lisilofungwa vizuri, na yanajitengeneza yenyewe ndani ya tangi lililo nusu tupu wakati wa usiku wa baridi. Mimi sasa hujaza tangi jioni. Dumu la dizeli naliacha litulie usiku kucha, na asubuhi namimina taratibu nikibakiza kile cha chini. Kila Jumamosi namwaga maji kwenye chujio mpaka itoke dizeli tupu. Ni kazi ya dakika tano, na haihitaji fundi.

Gari likizima kwa sababu ya mafuta, acha stata kabla betri haijachoka. Hili ndilo kosa langu kubwa la usiku ule. Mwaga maji, sukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli kwa spana namba 17. Mwenzako apige stata kwa sekunde chache chache. Dizeli ikianza kutoka bila mapovu, kaza nati. Huko ndiko kutoa upepo. Tahadhari moja: usiweke mkono wala uso mbele ya bomba linalovuja wakati injini inafanya kazi, kwa maana dizeli hutoka kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi.

Kuhusu hewa, vumbi la kiangazi ni msasa. Likipita kwenye chujio lililotoboka husugua silinda mpaka mbano unapotea, na injini isiyobana haiwezi kuwaka. Chujio la karatasi lipulizwe kwa pampu kutoka ndani kwenda nje. Nimeona madereva wakilipiga kwenye tairi au kuliosha kwa petroli. Huko ni kuliharibu.

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi, na weusi peke yake si ugonjwa. La maana ni kuhesabu kilomita. Mimi hubadilisha oili na chujio lake kila kilomita 5,000, na huweka oili iliyoandikwa kuwa ni ya dizeli. Oili chafu tusiimwage kwenye mito yetu. Maji hayo hayo ndiyo tunayokunywa.

Sasa nije kwenye maji ya kupoza, maana hapa nina lalamiko. Fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, aliwahi kuing'oa thamostati ya gari langu na kuitupa. Nilipomwuliza alijibu kwamba kifaa hicho ni cha Ulaya, na nchi yetu ni ya joto. Ndugu Mhariri, sisi tunaishi Makete! Mwezi Juni na Julai kuna asubuhi ambazo majani yamefunikwa na sakitu. Thamostati huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Nililala na swali hilo miezi kadhaa, nikishangaa kwa nini dizeli inaisha upesi, mpaka mzee alipofungua akakuta pako wazi. Mafundi wetu tunawaheshimu, lakini desturi hii waiache. Na wenye magari nao waache kujaza maji ya mtoni yenye tope, na wasifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Asubuhi hizo za baridi zina ugonjwa wake mwingine. Zile plagi za kupashia joto, ambazo mafundi huziita hita plagi, zikifa gari haliwaki, na hapo madereva huwasha moto wa kuni chini ya injini. Gari lina dizeli, oili na nyaya, nasi tunalichoma kwa hiari yetu. Plagi zile ni nne tu, na moja moja hupimwa kwa taa ndogo ya majaribio iliyounganishwa na betri. Iliyokufa hubadilishwa.

Kisha kuna kuusoma moshi. Mimi ni mwalimu, na hili lilinipendeza. Moshi mweusi unasema mafuta yamezidi au hewa haitoshi, basi tazama kwanza chujio la hewa. Moshi wa bluu unasema oili inaungua. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto unasema dizeli haiungui sawasawa, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mtu anayeujua moshi hadanganywi gereji.

Lakini kujitegemea si kujifanya tunajua kila kitu. Iko kazi ambayo mimi siigusi. Injini hii ina mkanda wa taimingi, na Toyota wameweka taa kwenye dashibodi inayowaka kila baada ya kilomita 100,000 ili kukumbusha ubadilishwe. Wako wanaoing'oa balbu ile ili isiwasumbue macho. Mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na gharama yake ni kubwa kuliko mkanda mara nyingi. Taa ikiwaka, nenda kwa fundi aliyesomea kazi hiyo. Hali kadhalika pampu ya dizeli yenyewe, isifunguliwe chini ya mwembe wala chini ya mpera. Na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo imara na uzuie magurudumu.

Baada ya kusema hayo, nina maombi matatu.

Kwa wenye magari wenzangu vijijini: kila gari liwe na daftari. Langu ni la kurasa 48, la kawaida la shule. Naandika tarehe, kilomita, nilichofanya, na nilichonunua. Baba yangu aliyaweka yote hayo kichwani, na alipofariki alikwenda nayo kaburini. Ndiyo maana chujio lilisahaulika.

Kwa serikali za vijiji: gari linalotegemewa kubeba wagonjwa, hata likiwa la mtu binafsi, lisiwe na mtu mmoja tu anayejua kulitoa upepo. Wawepo watatu au wanne. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi huu, na kijiji kikimpeleka kijana mmoja hakitapata hasara.

Kwa walimu wenzangu: tangu mwaka 1967 tumekuwa tukiitaja Elimu ya Kujitegemea, na wengi wetu tuliifanya kuwa jembe na bustani tu. Mimi mwaka huu nilipofundisha darasa la sita habari za joto na mgandamizo wa hewa, niliwatoa nje nikawafungulia boneti. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini gari halina plagi na bado linawaka. Miaka mitano kabla ya usiku ule nisingeweza kumjibu.

Tangu mwaka 2019 gari langu limezima njiani mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimembeba mtoto mwenye homa kali, na baba yake ndiye aliyepiga stata nilipokuwa nalegeza nati. Tulitumia muda wa robo saa, tukaendelea na safari. Baba huyo alikuwa ni yule yule jirani yangu, na mtoto ni wa pili, aliyezaliwa baadaye. Hatukuzungumza lolote juu ya mlima tulioupita.

Magari haya kuukuu bado tutakuwa nayo kwa miaka mingi, kwa sababu mapya hatuna uwezo nayo. Basi tusiseme gari limekufa kwa uzee kabla hatujachukua bilauri na kukinga chini ya chujio.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Makete, Njombe.