Jiko la Mkaa: Moto Mdogo Siyo Moto Salama



Mvua za vuli zinapoanza kunyesha hapa Mwanza, na upepo wa ziwa unapopanda usiku hadi kwenye nyumba za milimani kule Mabatini na Bugarika, majiko huhama. Yale yaliyokuwa yakiwashwa uani au barazani huingizwa ndani, na mlango hufungwa. Katika majira hayo sisi wauguzi huwapokea wagonjwa wanaofanana: mama na watoto wake wawili au watatu, wote kichwa kinawauma, wote wanatapika, mmoja amelegea na haamki sawasawa. Wengi huwa wamekwisha kumeza dawa ya malaria. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya jiko.

Katika toleo hili tutalitazama jiko la mkaa: linavyofanya kazi, namna ya kuongeza na kupunguza moto wake, linapogoma tufanye nini, na kwa nini moto mdogo unaweza kuua kuliko moto mkubwa.

JIKO LILIVYO

Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake lilianza kuenea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo limejaa katika masoko yetu yote. Udongo ule hushika joto lisipotee pembeni, ndiyo maana mkaa hudumu zaidi kuliko katika jiko la bati tupu. Chini ya mkaa yapo matundu, na chini ya matundu upo mlango mdogo. Wengi hudhani mlango huo ni wa kutolea majivu tu. Hapana. Huo ndio usukani wa jiko. Hewa huingia hapo, hupanda kwenye matundu na kuulisha moto.

NGAZI TATU ZA MOTO

Moto mkali: mlango wazi kabisa. Ni wa kuwashia jiko, kuchemsha maji na kusonga ugali.

Moto wa kati: mlango nusu. Ni wa mchuzi wa sato, mboga na kukaanga dagaa.

Moto wa polepole: mlango umebaki ufa mdogo. Ni wa maharage, makande na kupalia wali.

Mpishi mzuri hutumia ngazi zote tatu, naye hutumia mkaa mchache. Lakini hapo ndipo tunapoomba mtusikilize vizuri. Mkaa unaopata hewa kidogo hauungui ukaisha. Hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Kwa hiyo jiko lililofungwa mlango, au makaa yaliyofunikwa majivu ambayo mtu huyaona kama yamelala, bado yanatoa sumu. Moto ukipungua, hatari haipungui pamoja nao.

JIKO LINAPOGOMA

Mkaa hauwaki. Tazama kwanza matundu; mara nyingi yamezibwa na majivu ya jana. Yachokoe, ondoa majivu, fungua mlango wote. Kama matundu ni safi, mkaa umelowa. Uanike juani, na uhifadhi gunia juu ya mbao, siyo sakafuni.

Jiko linatoa moshi. Ndani ya mkaa mna vipande ambavyo havikuiva, bado ni kuni. Vichague uvitoe. Moshi mwingine huletwa na mfuko wa plastiki au kipande cha ndala kilichotumika kuwashia. Tuache desturi hiyo. Moshi wa plastiki ni sumu kwa mapafu. Tumia vijiti vikavu au maganda makavu ya mahindi.

Cheche zinaruka. Mkaa una unyevu au umechanganyika na mchanga. Mweke mtoto mbali.

Moto upo lakini chakula hakiivi. Pengine sufuria haina mfuniko, au ni pana kuliko jiko na imeukalia mkaa hata hewa haitoki. Pengine kikombe cha udongo kimepasuka. Ufa mdogo mafundi wetu huziba kwa udongo na saruji, kilichovunjika kibadilishwe.

Kikombe kinapasuka mara kwa mara. Usizime jiko la moto kwa maji. Lipeleke nje, funga mlango wake, funika juu kwa sufuria kuukuu, uache lijizime huko huko nje.

SUMU ISIYOONEKANA

Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi hutukimbiza nje kwa kikohozi. Hii hutubembeleza tulale. Ikiingia kwenye mapafu huenda kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini ubongo na moyo havipati chakula chao. Mama mjamzito humpelekea mtoto aliye tumboni sumu hiyo hiyo. Mkaa mbadala, ule wa kufinyangwa kwa vumbi la mkaa au pumba, nao hutoa gesi hii.

MALARIA AU SUMU YA MKAA?

Kanda ya Ziwa tumezoea malaria, na dalili zinafanana: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu. Jiulizeni maswali manne. Je, mwili una joto? Sumu ya mkaa kwa kawaida haileti homa. Je, wameugua watu kadhaa wa chumba kimoja kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakikaa nje? Je, kulikuwa na jiko ndani? Majibu yakielekea huko, mwambieni mhudumu wa afya mara mfikapo: "Tulilala na jiko." Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa maisha, kwa sababu hata kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imejaa sumu.

HUDUMA YA KWANZA

1. Fungua mlango na madirisha, mtoe mgonjwa nje upesi. Usikae ndani ukimwamsha, utaanguka nawe.

2. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, aliyefundishwa aanze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua.

3. Usimpe maziwa, mafuta wala maji. Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na asiyejitambua atapaliwa.

4. Mpeleke hospitali hata kama ameamka. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka mwilini. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua saa moja au moja na nusu tu.

MAMA MZAZI NA MTOTO MCHANGA

Ipo desturi ya kumweka mama aliyejifungua katika chumba kilichofungwa, pamoja na jiko la kuwapasha joto. Nia ni njema, na bibi zetu hawakuwa na ubaya. Lakini pua ya kichanga iko karibu na jiko usiku kucha. Joto lililo bora liko kifuani pa mama. Mtoto avuliwe, abakizwe nepi na kofia, awekwe ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, kisha wote wawili wafunikwe kanga na blanketi. Mama akichoka, baba au bibi ampokee kwa namna hiyo hiyo. Hata watoto njiti tunawatunza hivyo wodini.

TUFANYE NINI?

Pika nje au barazani. Mvua ikikulazimisha kupikia ndani, acha wazi mlango na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite. Chakula kikiiva, jiko litoke. Wavuvi wa mialoni, msilale na jiko ndani ya kibanda cha nailoni. Wenye jiko la mafuta ya taa, sawazisheni tambi mpaka moto uwe wa bluu, na msiongeze mafuta jiko likiwa la moto.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Anayeweza gesi au umeme na aanze. Lakini leo jioni mkaa bado utawashwa katika nyumba nyingi za jumuiya zetu ndogo ndogo. Basi somo hili lisomwe huko kwenye jumuiya, hasa kwenye nyumba yenye mama mzazi au mgonjwa. Na kabla ya sala ya usiku, mmoja wa familia aulize: jiko liko wapi? Jibu liwe moja tu: liko nje.